Flamenko mbele za watu: peke yako au umsindikize mtu?

Mi niko Bagamoyo, gitaa la flamenko, ule muziki wa Hispania, nimelishika mwaka na kitu, na nishajaribu zote mbili.

Peke yako raha yake unajipangia mwendo, ila kosa lote lako. Nilianzia kibarazani kwenye hoteli moja ufukweni, nikajitia kupiga solea, mtindo mmoja wa flamenko, ile ina mapigo 12 kila mzunguko na mkazo unaangukia la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12, sasa mkono ukaanza kutetemeka, vile vidole vya kuchanua kwenye nyuzi vikawa vinagongana vyenyewe, nikapotea kwenye la 8 na hakuna wa kunirudisha. Jasho hilo! Na upepo nao unabeba sauti, nyuzi za nailoni zina kelele gani.

Kusindikiza ni habari nyingine. Hukohuko Hispania gitaa lilianza kwa kumfuata mwimbaji na mchezaji ndo baadaye likapata jukwaa lake, kwa hiyo hujishushi. Nikamwomba dada mmoja anayesoma ngoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, yeye makofi na miguu, mi nashika tangos, mtindo mwingine wa flamenko, wa mapigo 4 tu, vidole vikikosa pa kukaa nazima nyuzi kwa kiganja naendelea kugonga ubao, watu wanadhani ndo mtindo. Ubaya wake husimami hata iweje, akikaza mwendo unamfuata utake usitake (na yule dada ana haraka kama bodaboda).

Anayeanza asindikize bwana. Solea bado naipiga, ila chumbani.