Mota ya simafo: nunua itakayotulia umeme ukirudi

Saa mbili na dakika kumi usiku, Jumanne, umeme ulirudi mtaani kwetu hapa Area C, Dodoma. Watoto wa jirani wakapiga ile kelele yao ya "umerudiii!", na mezani kwangu simafo sita za reli yangu ya mfano (milingoti yenye mkono unaomwonyesha dereva apite au asimame) zikarusha mikono kwa mpigo mmoja kama waumini kwenye mkesha. Tzzk! Kisha nikasikia kitu kidogo kikidondoka kwenye plaiwudi. Kumbe ni mkono wa simafo ya kuingilia stesheni, kipande cha shaba cha milimita 16 nilichokichonga kwa tupa siku mbili nzima, nikakipaka nyekundu na mstari mweupe kwa brashi ya wanja. Waya uliokuwa unauinua, uzi mwembamba wa gitaa, ulikuwa umepinda kama ndoano.

Mzee jirani yangu, mstaafu wa reli, alikuwa amekaa pale na kikombe chake cha kahawa. Aliinama, akauokota ule mkono, akautazama pande zote mbili.

"Mwanangu," akasema, "hapo umeshaua abiria."

Ndiyo sababu ya kuandika haya. Mmeniuliza sana mota gani mnunue kwa ajili ya simafo za reli zenu za mfano, hasa tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 na kila mtoto kutaka treni chini ya kitanda. (SGR yenyewe haina simafo hata moja, dereva huona ishara kwenye skrini mbele yake. Mimi ni wa reli ya mita, ile ya upana wa milimita 1,000 iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na hamtanibadilisha.)

Sitaongelea kelele, ukubwa, wala rangi ya boksi. Hayo muuzaji atakwambia bila kuulizwa. Mimi nina swali moja ambalo sijaona mtu akiliuliza dukani: umeme ukikatika halafu ukarudi, mkono unafanya nini?

Wenzetu wa Ulaya hawalijali sana jambo hili kwa sababu wao huwasha meza yao mara moja jioni, wakacheza, wakazima. Sisi kuna siku tunawashiwa mara nne bila kuomba. Kosa dogo kwao, kwetu ni kosa la kila siku.

Na si suala la mapambo tu. Simafo halisi ilitengenezwa kwa kujibu swali hilohilo. Waya unatoka kwenye wenzo ndani ya kibanda cha ishara, unakwenda hadi kwenye mlingoti, na pale chini kuna uzito. Waya ukikatika, uzito unaurudisha mkono ukae mlalo, yaani hatari, simama. Ukiwa na mashaka, simama. Abbots Ripton kule Uingereza, Januari 1876, theluji iliganda kwenye mikono, ishara zikaonyesha njia nyeupe, yaani pita, wakati njia haikuwa nyeupe hata kidogo, na treni zikagongana. Mikono ya wakati ule ilikuwa ikishuka kuonyesha njia nyeupe, kwa hiyo mzigo wa barafu ulikuwa unaivuta upande mbaya. Kuanzia miaka ya 1920 Waingereza wengi walihamia kwenye mkono unaopanda, isipokuwa kampuni ya reli ya Great Western waliobaki na wa kushuka. Kwa hiyo mkono unaorukaruka ovyo umeme ukirudi, mzee wangu hauiti simafo. Anauita feni.

Sevo, na jinsi nilivyopigwa

Nianze na sevo (mota ndogo zinazokwenda kwenye pembe unayoziamuru na kukaa hapo) kwa sababu ndizo zilizoniumiza, na ndizo wengi wenu mtakazonunua hata nikisema nini.

Sevo ndogo ya SG90, ile ya bluu ya gramu 9, ina nguvu ya takriban kilo 1.8 ukiipima sentimita moja kutoka katikati, kwenye volti 4.8. Tafsiri yake ni hii. Ukifunga waya kwenye tundu lililo nusu sentimita kutoka katikati, sevo inaweza kuusukuma waya huo kwa zaidi ya kilo tatu na nusu. Mkono wako una milimita 16 na umeshikwa na tone la risasi ya kuchomea. Unahitaji kusogea milimita tatu, labda nne. Sasa sevo ikipata umeme kabla ya kidhibiti chake (saketi inayoipa amri) kuamka, waya wa ishara unakuwa hauna mwenyewe, sevo inasoma uchafu wowote kama amri, na inakwenda inakotaka. Milimita nane, kumi. Lazima kitu kivunjike, na si sevo.

Wengi huwa wanaishia kulaumu gundi. Gundi haina kosa.

Dawa ipo na ni ya bei ya andazi. Funga rezista ya kilo-om 10 kutoka waya wa ishara (mara nyingi wa njano au wa chungwa) kwenda kwenye volti 5 chanya. Kuna sevo zinazotulia zaidi ukiifunga kwenda hasi, kwa hiyo jaribu zote mbili kabla hujachomea. Kama unatumia Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) kama kidhibiti, andika nafasi ya kwanza kabla ya kuiunganisha sevo kwenye programu, yaani `write` itangulie `attach`. Ukigeuza, programu inaanza kwa kuipeleka sevo katikati, nyuzi 90, na huko ndiko mkono wangu ulikofia. Hifadhi nafasi ya mwisho kwenye kumbukumbu isiyofutika. Na ukiweza, weka rilei (swichi inayogeuzwa na umeme) inayoinyima sevo umeme kwa sekunde mbili za kwanza mpaka kidhibiti kiamke kikamilifu. Hii ya rilei ndiyo iliyomaliza tatizo langu. Yale mengine yalilipunguza tu.

Halafu waya. Usitumie mnene. Nilikuwa najivunia uzi wangu wa gitaa, lakini sasa natumia waya mwembamba zaidi na naukunja mkunjo wa herufi omega katikati, ili siku sevo ikichanganyikiwa mkunjo uliwe kwanza. Mkunjo naurudisha kwa koleo dakika moja. Mkono ulinichukua siku mbili.

Sasa kuhusu kupigwa. Niliagiza sevo sita za MG90S, zile zenye gia za chuma, kutoka duka moja la Dar ambalo sitalitaja, zikaja kwa basi, elfu tisa kila moja. Stika imeandikwa MG90S, safi kabisa. Nilipofungua moja baada ya ajali, gia ya juu ilikuwa ya chuma, zilizobaki zote plastiki nyeupe kama meno ya maziwa. Nikapiga simu. "Dada, si zinazunguka?" Zinazunguka. "Sasa shida nini?" Nikaulizia kurudisha, nikasomewa ule msemo uliobandikwa ukutani kila duka la nchi hii, kwamba mali ikishauzwa hairudi. Ushauri wangu: ukiwa dukani, ipime kwa mkono. Ya chuma halisi ina gramu 13 na kitu, ya plastiki ni 9. Hata bila mizani utaisikia kiganjani, hasa ukishika moja kila mkono. Na fungua skrubu nne za chini mbele ya muuzaji kabla hujalipa. Akikukataza, umeshapata jibu.

Ninayemtaka mimi: Kobe

Sitajifanya sina upande. Mota ninayoipenda ni Tortoise ya Circuitron, ya Marekani. Jina lake maana yake kobe, na ndivyo ninavyomwita.

Kobe si sevo. Ni mota ya kawaida ya volti 12 ndani ya boksi lenye gia nyingi, na inachukua kama sekunde tatu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akifika mwisho anagonga ukingo na kukaa pale, umeme ukiendelea kupita, bila kuungua, kwa sababu anakula milliampea 16 hivi tu akiwa amesimama. Adapta ya king'amuzi kilichokufa, ya volti 12 na ampea 1, inatosha Kobe wote utakaoweza kuwanunua maishani. Hakuna programu wala mapigo ya ishara. Ukitaka arudi upande wa pili unageuza chanya na hasi kwa swichi, basi.

Na umeme ukirudi? Hafanyi kitu. Swichi iko palepale, kwa hiyo anaendelea kusukuma upande uleule aliokuwa akisukuma. Nimemjaribu kwa kuchomoa na kuchomeka mara thelathini mfululizo huku mzee akihesabu kwa sauti. Mkono haukutikisika.

Mzee hakuridhika. Akasema umeme ukikatika mkono ulipaswa kurudi hatari, na huyu anabaki alipo. Ni kweli. Nikamjibu kwamba umeme ukikatika na treni nayo inasimama. Akanyamaza, akanywa kahawa. Nadhani nilishinda.

Kuna zawadi nyingine ndani ya lile boksi: swichi mbili zinazogeuka pamoja na mkono. Moja naitumia kukata umeme wa kipande cha reli mbele ya simafo. Mkono ukiwa hatari, treni inasimama yenyewe hata kama anayeendesha ni mtoto wa dada yangu mwenye miaka sita asiyesikia la mtu.

Kasoro zake nazijua. Ni mkubwa, chini ya meza anataka nafasi kama ya kopo la maziwa ya unga, na simafo mbili kwenye mlingoti mmoja zitakutoa jasho. Anasukuma kwa mlalo wakati simafo inataka wima, kwa hiyo utengeneze pembe ya herufi L. Yangu imetoka kwenye spoku ya baiskeli. Pia mkono wake unakwenda taratibu mno. Simafo ya kweli ikirudi hatari huanguka na kudunda mara mbili tatu, na vidhibiti vizuri vya sevo vinaweza kuiga mdundo huo. Kobe haigi. Anapanda na kushuka kama bendera ya shule.

Na bei. Hapa ndipo ninapochukia. Kwao ni mota ya kawaida, unaikuta rafuni. Mpaka imfikie mtu wa Dodoma, nauli na ushuru vimeshamzaa Kobe wa pili ambaye hutamwona. Mzigo wangu wa kwanza ulikaa kwenye ofisi moja majuma matatu kwa sababu mhusika alitaka kujua kama ni midoli au ni mashine. Nikasema ni mota ya ishara ya reli. Akaniuliza kibali cha shirika la reli kiko wapi. Nikasema basi ni midoli. Akaniuliza mbona haina rangi.

Zilizobaki

Simafo zilizokamilika, mota ikiwa imeshafungwa, zipo. Dapol wanatengeneza za Kiingereza, Viessmann za Kijerumani. Ni nzuri kutazama, na kwa mtu asiyetaka kushika pasi ya kuchomea ni njia ya heshima. Ila kwenye zile za Dapol kitufe ni kimoja, ukibonyeza mkono unapanda, ukibonyeza tena unashuka, kwa hiyo mezani kwako hakuna swichi inayokwambia mkono uko wapi. Lazima uinue macho utazame. Kwangu mimi huo ni ugonjwa uleule kwa jina lingine. Nazipa nafasi ya tatu, nyuma ya sevo iliyofungwa vizuri yenye rilei yake. Kama unataka kujenga mwenyewe bila kuchonga shaba, vifurushi vya plastiki vya Ratio vinakupa mlingoti, ngazi na mikono, mota utafute mwenyewe.

Waya unaosinyaa ukipata joto: unajifupisha asilimia nne hivi, yaani ili upate milimita nne unataka waya wa sentimita kumi ulionyooshwa chini ya meza. Sina subira hiyo.

Rilei ya zamani ya volti 12 iliyofungwa waya kwenye ulimi wake ndiyo rahisi kuliko zote, fundi redio yeyote anayo kwenye kopo. Inapiga mkono kofi kila inapofanya kazi. Ni kweli kwamba umeme ukikatika inarudi hatari yenyewe kama simafo halisi, na ni kweli kwamba mzee anaipenda kuliko Kobe. Lakini kile kishindo, jamani.

Bila umeme kabisa: uzi wa kuvulia samaki, kigololi cha risasi chini ya mlingoti kama uzito, na wenzo wa kijiti cha mshikaki pembeni ya meza. Inafanya kazi.

Mpaka sasa nina Kobe watatu mezani na sevo tatu zilizosalimika, kila moja na rilei yake. Mkono uliodondoka nimeuchomea upya, umebaki na kovu jeusi nyuma ambalo mzee amenikataza kulipaka rangi. Kobe wa nne nimeshamlipia. Nimeambiwa atafika wiki ijayo, na hii ni wiki ijayo ya nne.