Kutoka Windows 10 kwenda 11 ukitumia NVDA: kile kimya cha katikati kinanikera

Karibuni tena wadau. Kama ndiyo mara yako ya kwanza hapa, tafuta kitufe cha kujiunga, NVDA, ile programu yetu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti, itakisoma Subscribe, kibonyeze tuendelee. Muziki wa mwanzo leo nimeufyeka. Wengi mlilalamika kwamba unapigana na sauti ya kisoma skrini, na mna haki.

Leo tuna Windows 11. Video za kona za madirisha zilizoviringwa zimejaa mtandaoni, siziongezi. Sisi tunaipima kwa sikio. Mtu asiyeona, yuko peke yake nyumbani, ana laptopu ya Windows 10 na NVDA: anaweza kuhamia 11 bila kumwita jirani aje amsomee? Anaweza. Ila kuna kipande cha katikati kinaniudhi, na leo nitakichezea hapa hapa mkisikie wenyewe.

Kwa nini tunahangaika? Windows 10 ilikatiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama, mpaka 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Kama mashine yako haiiwezi 11, jisajili huko upate pumzi kwanza.

RAM na nafasi ya diski mnazijua, naruka. Kinachowakwamisha watu ni prosesa na TPM, kile kichipu cha usalama ndani ya mashine. Laptopu nyingi za Kariakoo, Dar, au Luthuli, Nairobi, ni za mtumba zilizotoka maofisini nje, na huko namba moja tu inaleta kilio. EliteBook 840 G3 na G4, hapana. G5, ndiyo. ThinkPad T470 hapana, T480 ndiyo. Latitude 7480 hapana, 7490 ndiyo. Lakini usiamini jina peke yake, maana hizo za "ndiyo" zipo zilizotoka na prosesa ya kizazi cha saba. Ukiwa dukani bonyeza Windows na R, andika msinfo32, Enter, shuka kwa mshale mpaka usikie Processor. Ikisoma i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi cha nane. Ukisikia 6 au 7 na muuzaji anakuapia kwamba inakubali Windows 11, muulize inakubali kwa njia gani. Kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia inayoruka ukaguzi wa Microsoft, inakubali, ndiyo, lakini Microsoft hawakuahidi masasisho yoyote kwa mashine hizo. Mimi siipendekezi kwa mtu ambaye draiva moja ya sauti ikiharibika amepoteza skrini nzima.

Humo humo kwenye msinfo32 kuna Secure Boot State, yaani hali ya ule ulinzi wa wakati mashine inawaka. Na TPM unaipima kwa Windows na R, kisha tpm.msc.

Ikiwa TPM imezimwa, lazima uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguka kabla Windows haijawaka. Na BIOS, ndugu zangu, ni bubu. Hakuna NVDA, hakuna Narrator, kile kisoma skrini cha Windows yenyewe. Angalau usibahatishe F2 au F10: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika shutdown /r /fw /t 0, mashine itajizima na kuingia BIOS yenyewe. Humo ndani tumia kamera ya simu na app kama Be My Eyes au Lookout ya Google, ikusomee. Wenye Dell wana bahati, kuna Dell Command Configure inayobadilisha mipangilio ya BIOS ukiwa ndani ya Windows, NVDA ikiongea. HP wana BIOS Configuration Utility, Lenovo unapitia PowerShell. Ila hata hizo, ukigusa TPM baadhi ya mashine zikiwaka zinakuuliza uthibitishe kwa kubonyeza kitufe, na swali lenyewe linakuja kimya kimya. Simu iwe mkononi.

Kabla hujagusa chochote huko, BitLocker, ile kufuli ya Windows inayosimba diski nzima. Kwenye Command Prompt hiyo hiyo ya msimamizi andika manage-bde -protectors -get C: na kama diski imefungwa utapata ufunguo wa tarakimu 48. Uhifadhi kwenye simu, si kwenye laptopu hiyo hiyo. Halafu manage-bde -protectors -disable C: -rc 0. Ile -rc 0 usiiache, bila hiyo ulinzi unarudi mashine ikijizima na kuwaka mara moja tu. TPM ikiona BIOS imebadilika inagoma, inadai zile tarakimu 48 kwenye skrini ambayo NVDA haifiki. Ukishamaliza kila kitu, unaiwasha tena kwa -enable.

Sasa NVDA yenyewe. Isasishe kwanza, pamoja na viongezi vyake. Ingia mipangilio ya General, weka alama kwenye kutumia NVDA wakati wa kuingia. Halafu kitufe cha NVDA, kwa kawaida ni Insert, na Ctrl na S, chagua sauti ya eSpeak NG. Najua, najua, sauti ya bati. Lakini eSpeak inaishi ndani ya NVDA yenyewe, wakati zile sauti tamu za OneCore ni mali ya Windows, na tunachokwenda kukibomoa ni Windows. Isitoshe eSpeak ina Kiswahili. Hifadhi kwa NVDA na Ctrl na C, rudi General ubonyeze kile kitufe cha kutumia mipangilio iliyohifadhiwa kwenye skrini za usalama, kisha kwenye menyu ya Tools tengeneza nakala ya kubebeka kwenye flashi.

Na hedifoni ya USB. Bluetooth weka pembeni kabisa, haiaminiki kabla hujaingia kwenye akaunti. Kama huna ya USB, kuna vile vikadi vidogo vya sauti vya USB vinavyouzwa rahisi, unachomeka hedifoni yako ya kawaida.

Haya, tunaanza. Natumia faili la ISO, yaani kisakinishi kizima cha Windows 11 ndani ya faili moja, kutoka tovuti ya Microsoft. Ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo lipakue kwa bando la usiku. Enter juu yake, linafunguka kama diski. Setup, Enter. Inakuja ile skrini ya ruhusa, nabonyeza Alt na Y. Mnasikia? NVDA imeisoma kwa sababu imesakinishwa. Nakala ya kubebeka hapa ingenyamaza, skrini za usalama haizifikii. Naendelea na Tab mpaka kwenye Next, nakubali masharti, na hapa hakikisheni imechaguliwa ile ya kubaki na faili na programu zako. Ikichaguliwa Nothing, NVDA yako nayo inafutwa. Sikilizeni mara mbili kabla ya Install.

Nimebonyeza. Sikieni. Tii... tii... mlio unapanda kadiri asilimia zinavyopanda. Sasa nabonyeza NVDA na U mpaka iseme speak. "Asilimia kumi na mbili." "Asilimia kumi na tatu." Raha tupu! Hapa Microsoft na NVDA wote nawapa alama zote.

Narukisha mbele kidogo. Mashine inajizima... inawaka... Nanyamaza na mimi ili msikie.

...

Mmesikia? Ndivyo hivyo hivyo mpaka mwisho. Mwenye macho hapo anaona duara linazunguka, anaona asilimia. Wewe hupewi hata tii moja. Ikikwama asilimia 35, hujui. Ikishindwa ikaanza kurudi Windows 10, hujui. Sababu ya kiufundi naielewa: Windows ya zamani imeshazimwa, mpya haijasimama, kinachoendesha kazi ni kipande kidogo ambacho kisoma skrini hakijawaka ndani yake. Udhuru ndio siukubali. Debian, mfumo wa Linux unaojengwa na watu wa kujitolea, kisakinishi chake ukibonyeza herufi S na Enter kwenye menyu ya kuwakia kinaanza kuongea kwa eSpeak, kinakusomea kila hatua kabla hakujawa na mfumo wowote kwenye diski. Microsoft hawana pesa za mlio?

Basi, mpaka waamke, tunafanya hivi. Chaja ichomekwe. Flashi na diski zote za nje zitoke, ikiwemo ile yenye NVDA, maana mashine inaweza kuamua kuwakia humo. Hedifoni ya USB ibaki. Simu iweke kama hatua moja ya mkono mbele ya skrini, taa nyuma yako isimulike kioo, na kila dakika kumi app ikusomee asilimia. Kwa SSD hesabu nusu saa mpaka saa moja na nusu. Kwa diski ya kuzunguka inaweza kumaliza mchana wote. Itajizima na kuwaka zaidi ya mara moja. Feni itaongezeka, itatulia, itaongezeka tena, na huko kutulia hakumaanishi imekwisha. Usishike kitufe cha kuzima! Ukikata umeme wakati inahamisha faili, unaweza kubaki na mashine isiyowaka upande wowote, na kusakinisha upya ni kimya kingine.

Utajua umefika kwa mlio wa kuanza, Windows 11 imeurudisha, au NVDA itakuambia uko skrini ya kuingia. Kimya bado? Windows, Ctrl na Enter, iite Narrator. Narrator nayo kimya? Basi tatizo ni sauti, na ndiyo maana nilipiga kelele za USB. Haya si ya kufikirika: mwisho wa 2024 Microsoft wenyewe walizuia toleo la 24H2 kwa mashine zenye programu ya sauti ya Dirac, kwa sababu spika zilikuwa zinakatika baada ya kuhamia. Kwa mwenye macho hilo ni usumbufu, kwa sisi ni skrini nzima imeondoka.

Ukishaingia, mambo ni mazuri kuliko nilivyotarajia, niseme ukweli. Settings inatembeka vizuri kwa Tab na mishale. Mkono utakaokusumbua ni wa mazoea: Windows na A sasa inafungua mipangilio ya haraka, arifa zimehamia Windows na N. Menyu ya kitufe cha Applications imefupishwa, unachotaka kimefichwa ndani ya Show more options. Sijui nani aliwaomba hiyo.

Watu wa JAWS, kile kisoma skrini cha kulipia, msininunie, yenu inakuja. Kwa kifupi, hakikisheni leseni na nambari yake viko tayari, kwa sababu baada ya kuhama JAWS inaweza kudai uithibitishe upya, na bila leseni inakupa dakika 40 kisha uizime kompyuta na kuiwasha tena. Kwa programu ya bei ile! NVDA ni bure, na Windows 11 yenyewe ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, kwa hiyo fundi akikutoza ujue unalipia mikono yake. Jumamosi tuko hewani moja kwa moja, JAWS na Narrator, leteni maswali.

La mwisho, kurudi nyuma. Una siku 10, kwenye Settings, System, Recovery, Go back. Siku 10 ni chache kama bado unapima viongezi vyako vya NVDA, kwa hiyo siku ya kwanza tu fungua Command Prompt ya msimamizi uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Unapata siku 60. Usifute folda ya Windows.old kwa tamaa ya nafasi, maana ndiyo njia yenyewe ya kurudi. Na kurudi nako ni kimya vilevile, kwa hiyo simu iwe na chaji.