Hilux iliyokuwa ikishtuka mwendo mdogo: uzoefu wangu na fundi wa mita ya mshale, Unga Limited

Nina Hilux ya petroli, injini ya 3RZ ya cc 2,700, gia za mkono. Kazi yake ni kushusha nyanya kutoka Ngarenanyuki hadi soko la Kilombero, Arusha mjini. Kwa miezi minne ilinitesa, na naandika haya kwa sababu najua wapo wengine wanaoteswa na kitu hicho hicho na kuambiwa gari ni zima.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Nikiwa gia ya tatu au ya nne, mguu umegusa tu eksileta, mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, uko kati ya 1,300 na 1,800, gari linaanza kushtuka. Linavuta, linakata, linavuta, linakata, utadhani mtu anakanyaga mafuta na kuachia harakaharaka. Nyuma matenga yanagongana. Nikiongeza mafuta linatulia. Nikitoa mguu kabisa linatulia pia. Sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, haina tatizo, na asubuhi linawaka kwa mara moja.

Anayeijua ile njia ataelewa nilivyokereka. Kutoka Momela kushuka hadi Usa River hakuna kukimbia, na ukishaingia lami vibao vya 50 vinakufuata mpaka Tengeru, na trafiki wapo na tochi zao. Hilux hii ikiwa gia ya nne kwa mwendo wa 50, RPM inakaa kwenye 1,500 hivi. Yaani mwendo ambao sheria inanitaka niende ndio uliokuwa kitovu cha ugonjwa. Mnunuzi wangu pale Kilombero alifika mahali akaanza kunikata tenga zima kwa sababu ya nyanya zilizopondeka, na sikuwa na la kumjibu.

Nilipita gereji tatu. Ya kwanza walibadilisha plagi, waya za plagi na filta ya mafuta, nikalipa 110,000. Ya pili walisafisha nozeli na kunifungia pampu mpya ya mafuta, 260,000. Ya tatu walitaka kushusha gia boksi waangalie klachi, nikakataa. Katikati hapo nililipa 20,000 nyingine gari lipimwe kwa mashine ya daignosisi. Kijana akachomeka, akasoma kioo, akasema hakuna kosa lolote. Gari lilinishtukia nikiwa natoka getini kwao.

Katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyepanda gari nami.

Shemeji yangu anayeendesha Noah ya Moshi ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja mwenye banda la mabati mtaa wa Unga Limited, hapo Arusha mjini, fundi umeme wa magari. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza hadi nikamaliza. Kijana wake alikuwa ameshashika boneti. "Acha kwanza," akamwambia. "Mama, hebu twende, uliendeshe wewe kama unavyoliendesha siku zote."

Tukaelekea Njiro. Njiani aliuliza maswali tu. Linashtuka likiwa la baridi au likishachemka? Vyote viwili. Gia zipi? Ya tatu na ya nne. Mlimani, ukiwa na mzigo, linafanyaje? Nikamwambia mlimani halishtuki, maana pale nakuwa nimekanyaga zaidi. Akatikisa kichwa. "Basi si mafuta, mama. Pampu ikichoka, mlimani ndiko kunakoliumbua gari, kwa sababu huko ndiko injini inakohitaji mafuta mengi."

Maneno hayo yaliniuma. Laki mbili na sitini zangu zilikuwa zimekwenda kwenye pampu, na swali moja tu lingeziokoa.

Hata hivyo hakuishia kwenye maneno. Tuliporudi alifunga geji ya presha kwenye mrija wa mafuta, ikasoma psi 40 na kukaa hapo bila kuyumba. Akapuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka hosi ya hewa na mipira midogo ya vakyumu, sikio likiwa kwenye injini. Kungekuwa na ufa unaonyonya hewa, mlio ungebadilika. Haukubadilika.

Ndipo akachomoa soketi ya sensa ya throto, kile kidude cheusi kilichofungwa ubavuni mwa throto, yaani mlango wa hewa ya injini, kinachoiambia kompyuta ya gari umekanyaga eksileta kiasi gani. Tukatoka tena. Taa ya injini ikawaka kwenye deshibodi, gari likawa zito kidogo kuitikia mguu, lakini kutoka bandani hadi Njiro na kurudi halikushtuka hata mara moja. Kwa miezi minne sikuwa nimekwenda kilomita tano zilizotulia namna ile kwa gia ya nne.

Kipimo kilichofuata ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Akarudisha soketi, akawasha swichi bila kuwasha injini, akaunganisha mita yake ya kupimia umeme kwenye waya unaopeleka taarifa kwenye kompyuta. Mita yenyewe ni ya kizamani, ya mshale, kioo chake kina mikwaruzo. Akaniomba nikanyage eksileta polepole, "kama unavyomimina mafuta ya taa kwenye kibatari," huku akinigeuzia kioo nione mwenyewe. Mshale ukaanzia kwenye nusu volti, ukapanda kidogo, kisha ukaanguka chini puu! Ukarudi. Ukaanguka tena. Baada ya hapo ukapanda vizuri mpaka juu, zaidi ya volti tatu na nusu. Tukarudia mara tatu, na kila mara uliangukia mahali pale pale, ambapo mguu wangu unakaa nikiwa mwendo wa 50.

Alinieleza hivi. Ndani ya sensa kuna utepe wa kaboni, na juu yake kinateleza kidole kidogo cha chuma. Eksileta ikikaa mahali pamoja miaka nenda rudi, utepe unalika hapo hapo. Kidole kikifika kwenye palipolika, mawasiliano yanakatika kwa kufumba na kufumbua. Kompyuta inaamini dereva ametoa mguu, nayo inakata mafuta kama inavyofanya ukiwa unashuka mteremko bila kukanyaga. Hapo hapo kidole kinagusa tena, mafuta yanarudi. Kata, rudisha, kata, rudisha. Ukikanyaga zaidi, kidole kinavuka palipolika na gari linatulia.

Na ile mashine iliyosema gari ni zima? Nilimuuliza. Akasema kompyuta ya gari hili huandika kosa kama waya umekatika kabisa au umegusana, lakini kukatika kwa nukta moja hakuandikwi popote. Hata mita ya namba hurusharusha tarakimu bila kukuonyesha vizuri. Mshale unauona ukianguka.

Sensa mpya ilikuwa ya kuagiza Dar, na bei yake ilinishinda, kwa hiyo tulitafuta ya mtumba. Mzee alimpa kijana wake mita, tukaenda wote maduka ya spea. Duka la kwanza tulipima mbili juu ya kaunta, zote zikaangusha mshale. Ningekuwa peke yangu ningenunua ile ya kwanza, maana kwa macho ilikuwa safi kabisa. Duka la pili mwenye duka hakufurahi kupimiwa mzigo wake, ila alikubali, na mshale ukapanda wote bila kuyumba. Nikalipa 55,000.

Kufunga ni skrubu mbili, ila sensa hii haibandikwi tu. Inazungushwa kidogo kidogo huku ikipimwa, ili throto ikiwa imefungwa volti zisome sawasawa. Alichukua kama nusu saa hapo, akirudia mpaka akaridhika. Kazi yote, kuanzia kupanda gari hadi mwisho, alinitoza 40,000.

Sasa mapungufu, maana yapo. Hakuna miadi, nilifika saa mbili asubuhi nikaanza kuhudumiwa saa saba mchana, na mahali pa kukaa ni juu ya tairi. Risiti hana, nikaandikiwa kwenye karatasi ya daftari, na kwa mtu anayeweka hesabu za biashara hilo ni usumbufu wa kweli. Pia aliniambia wazi kwamba gari lisilo na kebo ya eksileta, yale ya kisasa, yeye hupeleka kwa mwenzake mwenye mashine inayosoma sensa gari likiwa linatembea. Hilo nalihesabu upande wake, kwa sababu angeweza kunyamaza akasubiri wateja.

Ni wiki ya sita sasa. Nimeshusha nyanya kila wiki, 50 kwa gia ya nne kutoka Usa hadi Tengeru, na mnunuzi wangu hajanikata tenga tena. Kilichobaki ni krosi ya propela, kile kiungo cha shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, inagonga ninapoachia klachi. Mzee alinionyesha siku ile ile kwa kuitikisa kwa mkono, akasema kushtuka kwa miezi minne kumeimaliza. Jumatatu nampelekea, na safari hii nitafika saa kumi na mbili asubuhi.