Wati 1000 kwenye boksi, wati 95 kwenye mita: taa mbili za kukuzia miche nilizozijaribu Bukavu

Ninaotesha miche ya nyanya na kabichi katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, komini ya Ibanda, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kuiuza kwa akina mama wanaolima Kabare na Walungu. Ninaiotesha ndani kwa sababu kiwanja chetu kiko kwenye mteremko, na mvua moja ya Novemba, hasa ikija na mawe, imewahi kuondoka na kitalu kizima pamoja na udongo wake. Chumba chenyewe kina dirisha moja tu. Mche ulio hatua mbili kutoka dirisha hilo hurefuka upesi, hubaki mwembamba na mweupe kama uzi, na siku ya kupandwa shambani hulala chini usiinuke tena. Ndiyo maana mwaka huu nilinunua taa ya LED ya kukuzia mimea, kisha nikalazimika kununua ya pili, na hapa nazitathmini zote mbili pamoja, kwa kuwa kasoro ya ya kwanza huonekana vizuri zaidi ikiwekwa kando ya mwenzake.

Taa ya kwanza niliipata katika duka moja la vifaa vya umeme mjini kwa dola 48. Boksi lake liliandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa, na muuzaji alinihakikishia: «Mama, hii inatosha hata nyumba nzima ya miche.» Ina diodi 100, yaani vijitaa vidogo vya LED, nyingi nyekundu na chache za buluu, na ikiwaka chumba chote hugeuka zambarau. Nilipoiwasha kwa mara ya kwanza niliona jambo ambalo lingepaswa kunishtua nikiwa bado dukani. Pasi yetu ni ya wati 1000, na kila anayeishi kwenye umeme dhaifu anajua pasi ya namna hiyo inavyofanya: balbu hufifia kidogo, waya wake mnene hupata joto, na namba za mita hushuka mbio. Taa hii ilikuwa na waya mwembamba kama wa redio, mgongo wake ulikuwa vuguvugu tu, na balbu ya sebuleni haikutikisika. Umeme wote unaoingia kwenye taa huishia kuwa nuru au joto, na hata nuru yenyewe, ikishanyonywa na majani na kuta, huwa joto. Wati 1000 haziwezi kujificha ndani ya kisanduku kisichoweza kukausha kitambaa.

Nikaamua kupima. Mtu asiye na kifaa maalumu cha kupimia wati anaweza kutumia mita yake ya kulipia kabla, kwa sababu juu yake kuna kitaa chekundu kinachomulika kadiri umeme unavyotumika, na pembeni pameandikwa ni mimuliko mingapi inayotimiza kilowati-saa moja. Yangu imeandikwa 1600. Nilizima kila kitu nyumbani, nikachomoa hata chaja za simu, nikaiacha taa peke yake, nikahesabu mimuliko 38 kwa dakika 15. Ukigawanya 38 kwa 1600 unapata kilowati-saa 0.02375, na ukizidisha kwa 4 ili kupata saa nzima, jibu ni wati 95. Nilirudia mara tatu kwa siku tofauti, na tofauti haikupita mmuliko mmoja.

Namba 1000 ilitoka wapi basi? Watengenezaji wa taa za aina hii huhesabu diodi na kuzidisha kwa wati ambazo kila diodi inatajwa kuwa nazo: diodi 100, kila moja ya wati 10, jumla 1000. Lakini ndani ya taa kila diodi hupewa chini ya wati moja, kwa sababu ikipewa kumi ingeungua kwa joto. Wengine huandika namba kubwa wakidai kwamba taa yao inachukua nafasi ya taa ya zamani ya sodiamu ya wati hizo. Hesabu zote mbili hazimwambii mnunuzi atalipia umeme kiasi gani, wala mmea wake utapata nuru kiasi gani. Naliona kuwa ni kosa kubwa kwa mtu anayemuuzia mkulima, kwa sababu mkulima hupanga hesabu ya msimu mzima juu ya namba hiyo.

Hata wati za kweli hazitoshi kueleza nuru. Wati ni umeme unaoingia. Mmea unahitaji fotoni, yaani chembe za nuru, zinazotoka, zile zenye urefu wa mawimbi wa nanomita 400 hadi 700, ambazo majani huzitumia kwa usanisinuru. Fotoni hizo ni nyingi mno, kwa hiyo huhesabiwa kwa mafungu yanayoitwa mikromoli (mikromoli milioni moja ni moli moja) kwa sekunde, na taa iliyotengenezwa kwa uaminifu huandikwa pia ni mikromoli ngapi inazotoa kwa kila juli moja ya umeme. Taa nyingi za zambarau za bei nafuu hutoa kati ya 1 na 1.6 kwa juli, ilhali taa nzuri za LED nyeupe zenye umbo la ubao hufika 2.5 na kuzidi. Kwa lugha ya mita ya umeme, kilowati-saa moja hukupa moli 9 za fotoni kwa taa ya 2.5, na moli 4.3 tu kwa taa ya 1.2. Wengi huamini kwamba rangi ya zambarau ndiyo siri yenyewe, kwa kuwa mmea hunyonya nyekundu na buluu. Lakini vipimo vya mtafiti McCree, vilivyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, vilionyesha kwamba majani hutumia vizuri kiasi kikubwa cha kijani pia, na nuru nyeupe haipotei bure kama wauzaji wanavyodai.

Taa ya pili niliiagiza kupitia mfanyabiashara anayeleta mizigo, kwa dola 95. Ni ubao wa alumini wenye diodi nyeupe na chache nyekundu, ulioandikwa wati 100 na mikromoli 250 kwa sekunde. Mita yangu ilimulika mara 41 kwa dakika 15, yaani wati 102. Kwangu hiyo peke yake ilistahili heshima.

Nuru iliyofika kwenye majani niliipima kwa programu ya simu inayosoma luksi, yaani kipimo cha mwangaza. Kipimo hiki kina mipaka yake, maana luksi hufuata jicho la binadamu, ambalo huona kijani vizuri na nyekundu iliyoiva au buluu kwa udhaifu. Kwa taa ya zambarau usomaji wake hauna maana yoyote. Kwa LED nyeupe, hata hivyo, ukigawanya luksi kwa takriban 65 unapata makadirio yanayofaa ya mikromoli kwa mita mraba kwa sekunde. Nilitundika ubao sentimita 45 juu ya eneo la sentimita 60 kwa 60: katikati palisomeka luksi 29,000, sawa na karibu mikromoli 450, na pembeni luksi 13,000, sawa na 200. Kisha nilizungushia tripleksi (mbao nyembamba za plywood) zilizopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, na pembe zikapanda hadi luksi 17,000 bila kuongeza hata wati moja. Nuru iliyokuwa inakwenda kuangaza ukuta ilirudi kwenye miche.

Kuna jambo jingine ambalo maboksi hayaligusi kamwe, nalo kwetu ni zito kuliko yote: saa. Mche mchanga wa nyanya hukua vizuri ukipata moli 10 hadi 12 za fotoni kwa mita mraba kwa siku. Maelekezo ya kigeni husema uwashe taa saa 14 au 16 kwa nguvu ya wastani ya mikromoli 200, na hesabu yake ni sahihi, kwani 200 kwa saa 14 ni moli 10. Lakini kwetu kuna mgao, ambao kila mtu mjini anauita delestaji, na siku nyingi mtaa wetu hupata umeme kwa muda wa saa nane hivi tu. Mikromoli 200 kwa saa nane ni moli chini ya 6, na mche utarefuka vilevile kama ule ulio mbali na dirisha. Kwa hiyo anayeishi kwenye mgao anahitaji nuru kali zaidi kwa saa chache: wastani wa mikromoli 350 kwa saa nane hurudisha zile moli 10, na ubao wangu wenye tripleksi unafika hapo. Taa ya zambarau, kwa makadirio yangu, haifiki hata nusu. Umeme ukirudi usiku wa manane nikaiwasha taa, miche hailalamiki. Ila nyanya isiachwe kwenye nuru saa 24 mfululizo, kwa maana majani yake hupata manjano.

Tofauti nyingine ilijitokeza nilipotaka kutumia betri. Fundi jirani alipima mkondo wa kila taa: ya kwanza ilivuta ampea 0.78 kwenye volti 220, ya pili 0.48. Ukizidisha, ya kwanza inahitaji volti-ampea 172 ili kutumia wati 95, kwa kuwa draiva yake ya bei rahisi, yaani kifaa kinachozipa diodi umeme, huvuta mkondo kwa pupa na vibaya. Ya pili inahitaji 106 kwa wati 102. Mita ya nyumbani hailipishi tofauti hiyo, lakini inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, huihisi. Inverta yangu ndogo ya volti-ampea 150 hulia na kujizima kwa taa ya kwanza, na huibeba ya pili kimya.

Baada ya siku 20, nyanya za mbegu moja na udongo mmoja zilikuwa na shina la sentimita 11, jembamba, chini ya taa ya zambarau, na la sentimita 6, nene na la kijani kilichokolea, chini ya ubao mweupe. Wateja wangu walichagua bila kuulizwa.

Ubao huo una kasoro pia. Diodi zake hazina kifuniko, na katika chumba cha miche chenye unyevu nahofia kutu kwenye viungio, kwa hiyo namwagilia taa ikiwa imeinuliwa. Kitufe cha kupunguza nuru kimelegea tayari, na draiva ikifa sijui fundi wa hapa atapata wapi nyingine yenye volti na mkondo uleule. Bado ningeununua tena. Taa ya kwanza nisingeichukua hata kwa dola 30, isipokuwa muuzaji akubali iwashwe peke yake kwenye mita mbele yangu kwa robo saa. Sasa nimeishusha hadi sentimita 20 juu ya trei moja ya lenga-lenga (mchicha) kando ya dirisha, ambako inasaidiana na jua la asubuhi.