NanoVNA-H kwa antena ya ndani ya nyumba: uzoefu wangu, Tanga

NanoVNA-H ni kifaa kidogo cha kupimia antena; nimekitumia kuoanisha na redio impidansi (ukinzani kwa mawimbi ya redio, kwa omu) ya antena ya bendi ya mita 20 (MHz 14 hivi) iliyopitishwa chini ya dari, Chumbageni, na juu ya dari ni mabati matupu. Kwa kazi hii ningekinunua kabla ya tuna, kisanduku cha kuoanisha antena na redio. Tuna inaishusha SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi kutoka antena; 1 ni kamili) na kukuacha gizani. NanoVNA inakupa omu zenyewe, pamoja na alama ya jumlisha (tabia ya koili) au toa (tabia ya kapasita).

Usipime kabla ya kalibresheni. Weka masafa 13 hadi 15 MHz, halafu funga kwa zamu kizibo cha wazi, cha shoti na cha omu 50 kwenye ncha ya kebo itakayogusa antena, si kwenye tundu la kifaa. Ukiifanyia kwenye tundu, kebo inaingia ndani ya jibu lako. Ukibadili masafa, rudia. Adapta ya kwenda PL-259, plagi ya kebo ya redio, yangu haikuja nayo.

Dipoli (antena ya waya mbili sawa, kebo katikati): 143 gawanya kwa masafa, MHz 14.15, ni mita 10.1, yaani 5.05 kila upande. Plastiki ya waya na ukuta viliteremsha masafa hadi 13.7 MHz, nikapunguza sentimita 16 kila upande. Kunja kwanza, mkasi baadaye. Namba zikiyumba ukishika kebo, kebo nayo imekuwa antena: zungusha kebo yenyewe, RG-58, mara 10 kwenye ringi ya feraiti FT240-43, karibu na katikati ya dipoli, upime upya.

Mabati yakiwa karibu hivyo, nilipata omu 20 tu badala ya 50, SWR 2.5. Dawa yake ni koili ya mikrohenri 0.28 mfululizo upande wa antena, na kapasita ya maika ya pF 270, volti 500, kutoka waya wa kati wa kebo hadi ganda lake, upande wa redio. Koili ni mizunguko 4 ya waya wa umeme wa milimita 1.5 juu ya bomba la maji lenye kipenyo cha nje cha milimita 20, urefu milimita 17 hivi. Tanua au bana mpaka nukta ikae katikati ya chati ya Smith, ile duara ya impidansi kwenye skrini ambayo katikati yake ni omu 50. Kapasita za seramiki za bei chee hupata moto.

Ila SWR ya 1 isikulevye. Mzigo bandia wa omu 50, ambao ni kinzani tu na si antena, nao unayo. Mimi hurusha wati 10, na ncha za waya zinakaa mbali na mikono na mabati, maana volti kubwa iko huko.

Kasoro: skrini ya inchi 2.8 inataka miwani, na juani haisomeki. Chumvi ya bahari hula vichwa vya SMA, yaani viunganishi vidogo vya kifaa, kwa hiyo vifunike. Waya wa antena uguse ardhi kwanza kabla ya kuufunga kwenye kifaa, kwani umeme tuli huua tundu. Na usibonyeze kitufe cha kurusha cha redio kabla ya kuichomoa NanoVNA.