Shayiri ya kukaanga badala ya kahawa: ipi inafaa kikombe gani

Shayiri haina kafeini tangu ikiwa shambani, na hapo ndipo inapoishinda kahawa iliyopunguzwa kafeini. Hiyo ya kupunguzwa hubaki na masalia: sheria za Ulaya huruhusu hadi asilimia 0.1 kwenye kahawa iliyokaangwa na asilimia 0.3 kwenye ile ya unga wa kuyeyuka. Kwa watu wengi hicho si kitu, lakini mwenye moyo unaodunda kwa kikombe kimoja cha jioni hujua tofauti.

Shida ni kwamba jina la "kahawa ya shayiri" hubeba bidhaa tatu zisizofanana: unga wa kuyeyuka, unga wa kuchemsha na punje nzima. Mnywaji wa kahawa chungu akinunua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maziwa, ataonja mara moja, akunje uso, na kopo libaki kabatini. Basi uchague kwa kuangalia unavyokunywa kahawa yako sasa.

Ya kuyeyuka ndiyo rahisi kuipata, hasa kwa walioko Ulaya na Marekani. Kuna Caro ya Nestlé, ambayo Marekani hujulikana kama Pero. Kuna Barleycup inayouzwa sana Uingereza. Kuna Inka ya Poland, iliyoko sokoni tangu 1971. Geuza kopo usome viambato, maana karibu zote ni mchanganyiko. Caro ina shayiri, kimea cha shayiri, chikori na rai, nafaka iliyo ndugu ya ngano. Inka ina rai, shayiri, chikori na kiazisukari. Chikori ni mzizi unaokaangwa, na ndio unaoleta uchungu na weusi. Shayiri peke yake huelekea utamu wa ganda la mkate. Postum ya Marekani, iliyoanza 1895, hutajwa kila mara katika kundi hili, ingawa asili yake ni ngano na molasi.

Kipimo ni kijiko cha chai kilichojaa, gramu 2 hadi 3, kwa maji ya moto mililita 150. Kwa maziwa ongeza hadi vijiko viwili, la sivyo ladha inazama. Usinyunyize unga juu ya maziwa baridi: utaelea madonge. Ulainishe kwanza kwa maji kidogo ya moto hadi uwe mzito, ndipo umimine maziwa. Hapa kinywaji hiki kinapendeza kweli, kina povu jepesi na ladha ya karameli, na sukari unaweza kuipunguza kwa nusu. Bila maziwa hakina uzito wowote. Kinapita mdomoni na kusahaulika.

Kasoro yake kubwa ni kunyonya unyevu. Unga huu ni rojo la nafaka lililokaushwa, kwa hiyo hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja huugeuza gamba gumu ndani ya siku chache kopo likiachwa wazi. Uhamishie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, tumia kijiko kikavu, na usichote huku chupa ikiwa juu ya mvuke wa kikombe. Uliokwisha kuganda lakini hauna harufu mbaya hauna madhara, ukwangue tu.

Ya pili ni shayiri iliyokaangwa na kusagwa, ambayo Waitalia huiita caffè d'orzo. Ilienea zaidi miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kahawa kutoka nje ilipoadimika, na haikuondoka amani iliporudi. Hadi leo baa za Italia huiuza kwa kikombe kidogo au kikubwa, anavyotaka mteja. Hii ndiyo inayokaribia kahawa chungu, maana ni shayiri tupu na hukaangwa hadi rangi ya chokoleti nyeusi.

Wengi huiharibu kwa kuipika kwenye moka, birika la Kiitaliano ambalo mvuke husukuma maji kupita kwenye unga, kama kahawa ya kawaida. Unga wa shayiri una wanga. Ukilowa huvimba na kuziba vitundu vya chujio. Maji yakikosa njia, mvuke hutokea kwenye vali ya usalama kwa kishindo, na kikombe kinabaki nusu. Jaza kichujio nusu, au theluthi mbili ukizidisha sana, usikandamize hata kidogo, na uweke moto mdogo. Bialetti hutengeneza moka mahsusi kwa shayiri, Orzo Express. Ni nzuri, ila haina ulazima kwa mtu mwenye sufuria.

Maana sufuria, au dele la kahawa, hufanya kazi hii vizuri kuliko moka. Weka vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwa kila mililita 150 za maji baridi, koroga, chemsha, kisha punguza moto uache itokote dakika 5. Tumia chombo chenye nafasi mara mbili ya maji uliyoweka, kwa sababu povu la shayiri hupanda ghafla na kuzima jiko. Ukishaepua, acha ituame dakika 3, umimine polepole bila kutikisa. Mashapo yake ni laini kuliko ya kahawa na huziba chujio la kitambaa, kwa hiyo kutuama ni bora kuliko kuchuja. Tangawizi iliyopondwa iwekwe tangu mwanzo, iliki mwishoni. Kwenye finjani, pamoja na kashata, inasimama vizuri. Uchachu wa kahawa hautaupata, na hakuna ujanja wa kuuleta.

Ya tatu ni punje nzima, mugicha ya Japani na boricha ya Korea. Hii usiipime kwa kipimo cha kahawa kabisa. Ni maji ya kunywa yenye harufu ya nafaka iliyokaangwa, hayana sukari, na Wajapani huyanywa baridi majira ya joto. Korea, migahawa huyaweka mezani badala ya maji. Mifuko ya mugicha huwa na gramu 8 hadi 10 kwa lita 1. Loweka kwenye maji baridi ndani ya friji saa 1 hadi 2, au chemsha dakika 5, halafu utoe mfuko. Ukiusahau humo usiku kucha, maji hugeuka mazito na machungu. Kwa joto la Dar es Salaam au Muscat ni kinywaji cha thamani sana, na ajabu ni kwamba hakijazoeleka kwetu wakati shayiri yenyewe tunailima.

Kwa kweli mwenye kikaango hana haja ya kuagiza. Shayiri hulimwa Kenya sehemu za Narok, Nakuru na Timau, na Tanzania kaskazini, nyingi ikienda kwenye viwanda vya bia. Chukua ya chakula, kamwe usichukue mbegu ya kupanda: hiyo hupakwa dawa, mara nyingi yenye rangi ya waridi au nyekundu, na kuosha hakuiondoi. Yenye ganda ni bora kuliko iliyokobolewa, kwa sababu ganda huzuia wanga usimwagike majini. Iliyokobolewa inatumika, ila kinywaji hakitakuwa maangavu na kitachacha mapema. Na hakikisha si oti, maana zipo pakiti za oti zinazoandikwa shayiri.

Pepeta, ondoa mawe. Weka gramu 250 kwenye karai zito, si zaidi, punje zisirundikane. Moto wa wastani, na mkono usiache kukoroga. Dakika 5 za kwanza ni mvuke tu. Kisha baadhi ya punje huanza kupasuka, harufu ya mkate ikatoka. Karibu dakika ya 12 rangi ni ya dhahabu iliyokolea. Hapo epua kama unataka ya kunywa baridi. Kwa ya kusaga endelea hadi dakika 20 au 25, kahawia nzito, moshi mwepesi ukianza. Usingoje iwe nyeusi ndani ya karai: joto lililomo kwenye punje linaendelea kuikaanga. Imwage mara moja kwenye sinia pana na uipepee. Vunja punje moja. Katikati ikiwa nyeupe na nje nyeusi, moto ulikuwa mkali mno, na kinywaji kitakuwa na ladha mbili, ya majivu na ya nafaka mbichi.

Ya punje nzima chemsha gramu 30 kwa lita 1, dakika 10 hadi 15. Ya kusaga, saga baada ya kupoa kabisa, kiasi cha wiki moja au mbili, kwani unga hupoteza harufu haraka kuliko punje. Kinywaji kilichochemshwa kipoze upesi kwa kuketisha sufuria ndani ya maji baridi, kisha friji, na kiishe ndani ya siku 2. Kikianza kuteleza kama ute au kutoa harufu ya uchachu, mwaga.

Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye utumbo wake hudhuriwa na gluteni, protini ya ngano na ndugu zake, asiguse yoyote kati ya hizi: shayiri na rai zina gluteni, na kukaanga hakuiondoi. Kuhusu akrilamaidi, kemikali inayotokea vyakula vya wanga vinapokaangwa kwa joto kali, Umoja wa Ulaya umeweka viwango elekezi vya mikrogramu 500 kwa kilo kwa vinywaji hivi vikiwa vya nafaka tupu, na 4,000 kwa vya chikori tupu. Kahawa ya kukaanga ni 400. Kwa hiyo anayekunywa vikombe vingi kila siku ana sababu ya kupendelea shayiri tupu, na ya kutoiunguza.

Mwenye kunywa kahawa vikombe vitatu au vinne kwa siku asiache ghafla. Kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, na wengi hudhani ni shayiri iliyowadhuru, kumbe ni mwili unadai kafeini. Changanya kwenye dele robo ya shayiri na robo tatu za kahawa, siku chache baadaye nusu kwa nusu, kisha robo ya kahawa. Ya kusaga huchanganyika vizuri kwa sababu hupikwa muda uleule na kahawa. Ya kuyeyuka weka kikombeni tu, usiichemshe.