Kamioneti gani ya kununua Lubumbashi: Hilux, Land Cruiser au zile kubwa za Marekani?

Mtu akipata hela hapa Lubumbashi na kutaka kamioneti, macho yanakimbilia zile kubwa: Ford F-150, Ram 1500, Toyota Tundra. Ni magari mazuri, sibishi. F-150 peke yake ina upana unaopita mita 2 kabla hujahesabu vioo vya pembeni. Lakini anayenunua kamioneti ili imletee chakula nyumbani aanze na swali moja: nitaipakia nini mgongoni? Swali hilo ndilo lililopanga orodha hii, na ndilo lililozishusha kubwa chini.

Fungua mlango wa dereva wa gari lolote lililouzwa Marekani miaka ya karibuni. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko kinachotaja uzito ambao watu na mizigo kwa pamoja hawatakiwi kuuzidi, kwa kilo na kwa ratili. Wengi hawakisomi. Kwenye F-150 au Ram 1500 ya milango minne yenye viti vya ngozi na mapambo yote, mara nyingi utakuta kati ya kilo 600 na 900. Tuseme 800. Dereva, wewe mwenyewe na kijana wa kupakia mnakula kilo 240 hivi. Zinabaki 560, yaani mifuko 11 ya simenti ya kilo 50. Sasa chukua Hilux ya milango miwili, ambayo ukiisimamisha kando ya F-150 inaonekana mtoto. Imeundwa kubeba kama tani moja. Dereva akiwa ndani, unapakia mifuko 18.

Kubwa zinashinda katika kuvuta. F-150 iliyofungwa vifaa vyake inavuta trela ya zaidi ya tani 5, na huko kwao watu wanavuta boti na farasi. Kwetu mzigo unapanda juu: unga, makala, samaki wa Kasenga, mabati. Kama kazi yako ni kuhamisha jenereta kubwa au mashine ya kuchimba visima juu ya trela, hesabu inageuka.

1. Toyota Hilux, milango miwili, mazuti

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, hii ndiyo ya kwanza. Toleo lililoanza 2015 lina injini za lita 2.4 na 2.8, ya 2.4 inatosha kwa mzigo wa mjini, Kipushi na Likasi. Hilux inaundwa Durban, kwa hiyo pyesi zinapanda kwa barabara kupitia Zambia hadi Kasumbalesa, na hakuna mekanisien wa mtaani asiyewahi kuishika.

Ukinunua ya zamani yenye injini ya 3.0 D-4D, nenda asubuhi kabla haijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti: ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha kwa makusudi, rudi kesho yake. Iwashe ikiwa baridi na usikilize. Ikigonga kwa nguvu na kutoa moshi mweupe, injekta zinaweza kuwa zimechoka. Pete zake ndogo za shaba zikivuja, masizi yanashuka kwenye oili na kuziba kichujio cha pampu; oili ikikosa kupanda, injini inakufa. Mwombe mekanisien wako azikague kabla ya kukubaliana bei.

Neno kuhusu usukani. Gari nyingi za Afrika Kusini zina usukani wa kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Nyuma ya lori refu la shaba kwenye barabara ya Kolwezi, dereva wa namna hiyo lazima atoe nusu ya gari ndipo aone kinachokuja. Mimi ningeongeza hela nipate usukani wa kushoto. Watoto wako watapanda gari hilo.

2. Toyota Land Cruiser 79

Kwa mwenye shamba upande wa Bunkeya, au anayepeleka watu na vifaa kwenye machimbo wakati wa mvua, hii inapanda hadi namba moja. Itafute yenye injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, bila turbo, pampu ya kimekanika. Nguvu zake ni farasi 130 hivi, na mji wetu uko juu ya mita 1,200, kwa hiyo usitarajie mbio. Inachokupa ni uvumilivu: inakubali mazuti ambayo injekta za kisasa zingeyakataa, na inatengenezwa porini kwa funguo za kawaida. Mkanda wake wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kasoro kubwa ni bei, maana hata iliyochakaa watu wanaing'ang'ania.

3. Isuzu D-Max 3.0

Ngumu, ina cheni badala ya mkanda, na mara nyingi inauzwa chini ya Hilux ya umri uleule. Ukiuza, nayo haikurudishii sana.

4. Ford Ranger

Kuiendesha ni raha kuliko Hilux. Ila ile ya 3.2 ya silinda tano ina tabia ya kujua: oili ikimwagwa na kuachwa nje kwa muda mrefu wakati wa kubadilisha, pampu inaweza kukosa kuvuta oili mpya na injini ikaharibika kwa kuwashwa tu. Simama kando ya fundi mpaka amalize.

5. Kubwa za Marekani

Zina usukani upande wetu, na hilo ni zuri. Nyingi zinakunywa esansi, tena nyingi. Kama lazima, chagua Tundra ya V8 5.7 iliyotoka kabla ya 2022. Injini mpya ya V6 yenye turbo mbili ilileta shida: mwaka 2024 Toyota iliita zirudi kutengenezwa zaidi ya gari 100,000 za modeli ya 2022 na 2023, Tundra na Lexus LX, kwa sababu ya vipande vidogo vya chuma vilivyobaki ndani ya injini kiwandani. Ya pili ni F-150, na bodi yake tangu modeli ya 2015 ni ya alumini, kwa hiyo uliza kwanza nani atainyoosha ikigongwa. Ram nimeiweka mwisho kwa sababu nyuma ina springi za mviringo badala ya majani: tamu ikiwa tupu, lakini ukiijaza inakaa chini.

Gari lolote utakalochagua, linganisha namba ya chasi kwenye fremu na ile ya hati za DGDA, yaani za forodha. Zile za Marekani zina herufi na tarakimu 17, na ya kumi inaonyesha mwaka wa modeli: L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022. Ikipishana hata moja, usitoe avansi, hata kama muuzaji ni mtu wa nyumbani.